Vyuma Havikui

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Februari, kipimajoto kilichotundikwa nje ya dirisha la jikoni kilionyesha nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Ndani, wasichana tisa wa kituo cha jimnastiki cha Reghin walikuwa wamepanga mstari kwenye korido, miguu mitupu, wakisubiri kupimwa.

Utaratibu ulikuwa uleule wa miaka yote. Mwalimu Felecan aliketi nyuma ya meza ndogo, mizani upande wake wa kulia, daftari la jalada la kijani mbele yake. Uzito aliusoma mwenyewe, mpaka gramu mia. Urefu hakuusoma. Msichana alisimama akiegemea mwimo wa mlango wa stoo, mwenzake wa chumba akamwekea pembetatu ya mbao utosini, akasoma namba kwenye utepe uliogongomelewa hapo na kuitamka. Mwalimu aliandika alichosikia. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na goti lililopasuliwa mara mbili, na kuinuka mara tisa kwa ajili ya kusoma namba tisa aliona ni kazi bure.

"Hărșan," aliita.

Otilia Hărșan, miaka kumi na sita, alipanda mizani. Kilo arobaini na tano na gramu mia mbili. Akaenda mlangoni. Mălina Sbârcea, aliyelala naye chumba namba nne, alinyanyuka kwa ncha za vidole na kumwekea pembetatu.

"Mia moja hamsini na tano," Mălina alisema, kama mtu anayesoma bei dukani.

Pembetatu ilikuwa kwenye mia moja hamsini na nane na nusu.

Mwalimu aliandika 155 chini ya 155 nyingine, akaita jina lililofuata.

Jambo hilo lilianza Desemba. Mwezi uliotangulia Petronela Oproiu, aliyelala kitanda cha pili cha chumba namba nne kwa miaka mitano, alifunga sanduku lake na kurudi kwao Bacău. Urefu wake wa mwisho ulikuwa 160. Kabla yake walikuwa wameondoka wengine wawili, mmoja akiwa na 157 na mwingine 159. Hakuna mtu aliyewahi kusema kuna kikomo. Lakini mwandishi mmoja wa gazeti alipomuuliza Mwalimu, wasichana wote wakisikia, hufanya nini mtoto anaporefuka, Mwalimu alielekeza kidole kwenye vyuma viwili vya kuning'inia, akajibu, "Mtoto hukua. Vyuma havikui." Watu walicheka. Tangu siku hiyo maneno hayo yakawa ya kituo kizima. Shangazi Aurica wa jikoni aliyatumia hata kumnyima mtu kipande cha pili cha ugali na jibini.

Otilia alizijumlisha namba tatu na kauli moja. Jibu alilopata hakumwambia mtu, kwa sababu mtu wa kumwambia alikuwa Bacău.

Jumatatu ya kwanza ya Desemba, Mălina alipohamia chumba namba nne, pembetatu iliangukia 156 na nusu. Mălina alifungua mdomo. Otilia alinong'ona, "Tano." Mălina akasema mia moja hamsini na tano, na waliporudi chumbani akaufunga mlango kwa mgongo.

"Umenifanya mwongo asubuhi yote hii, hata chai sijanywa."

"Nitakulipa."

"Utanilipa nini, wewe? Soksi?"

Otilia alivuta sanduku kutoka uvunguni. Mama yake, Viorica, alikuwa akimtunza mzee mmoja mgonjwa huko Torino, na kila mwezi alimpa dereva wa basi dogo la Waromania kifurushi. Dereva alikifikisha mpaka kituo cha mafuta cha Reghin. Ndani huwa na shampuu, chupi za pamba, na chokoleti ambazo Viorica hakujua kuwa kituoni ni marufuku, kwa sababu Otilia hakumwambia.

"Zina njugu?" Mălina aliuliza.

"Zina njugu."

"Basi wewe ni mfupi kama kigoda. Kila Jumatatu kigoda." Alimega kipande, akaanza kutafuna. "Lakini mimi na wewe tunajua kuwa wewe ni korongo. Unajua korongo? Yule wa juu ya nguzo ya umeme, miguu mpaka hapa."

"Namjua."

"Anaondoka vuli."

Ikawa hivyo. Kila Jumatatu kipande kimoja, isipokuwa zile mbili za sikukuu ambazo hakukuwa na kupimwa. Mwishoni mwa Januari mizani ilimwonyesha Mălina amezidi kwa gramu mia nne, na Mwalimu akamtazama juu ya miwani.

"Misuli, Mwalimu," Mălina alisema.

"Misuli ya taya," Mwalimu alijibu, akaandika.

Mwaka huo mashindano ya Ulaya yalipangwa kufanyika Aprili nchini Italia, katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka Torino. Nchi ingepeleka wasichana watano. Wangechaguliwa kwa shindano moja, Ploiești, tarehe kumi na saba Machi, kwa jumla ya alama za vifaa vinne: meza ya kurukia, vyuma, boriti ya kutembea juu yake na zulia la sarakasi. Otilia alikuwa wa tatu mwaka uliopita. Mălina, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia daraja la wakubwa, alitazamiwa kuwa wa sita au wa saba.

Viorica hakuwa amemwona binti yake kwa miezi kumi na minne. Mara ya mwisho ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi, siku nne. Tangu hapo alikuwa sauti ya Jumapili, saa kumi jioni, wasichana walipopewa simu zao kwa saa moja. Maongezi yao hayakuzidi dakika saba, kwa sababu mzee hakuweza kuachwa peke yake. Dakika zilizobaki Otilia aliketi kitandani na simu mkononi, akimsikia Mălina akigombana na kaka zake watatu kwa zamu, kisha na mama yake, kisha na bibi yake.

"Nimeshaomba ruhusa," Viorica alisema Jumapili ya mwisho ya Februari. "Sinyora, binti wa mzee, amekubali Jumamosi nzima. Tiketi ya treni nimenunua, ya kuingilia ukumbini nimenunua. Nimekata ya mbele, mama, safu ya nne."

"Bado sijachaguliwa, mama."

"Utachaguliwa. Vile viatu vya Januari vinakutosha?"

"Vinanitosha."

"Namba thelathini na saba bado?"

"Bado."

Viatu hivyo, vya ngozi ya kahawia vyenye manyoya ndani, Otilia hakuweza kuingiza hata kisigino. Mguu wake ulikuwa umefika thelathini na tisa. Alimpa Mălina, ambaye aliviingiza mara moja, akazunguka navyo chumbani, akasema mama wa watu ana macho ya kuchagua.

Ukumbi wa Reghin ulikuwa na jambo moja ambalo kumbi za mashindano hazina. Vyuma viwili, cha chini na cha juu, vilisimama juu ya shimo lililojaa vipande vya sponji, ili anayeanguka asiumie. Mwili uliponing'inia kwenye chuma cha juu na kuzunguka mzima, umenyooka kutoka viganja mpaka vidole vya miguu, chini yake hapakuwa na kitu cha kugusa. Mtu angeweza kurefuka hapo mwaka mzima bila vyuma kumsema.

Vingine vilimsema. Hatua zake za kukimbilia meza ya kurukia zilianza kumfikisha kabla ya wakati, naye akasogeza alama yake nyuma kwa kisigino Mwalimu alipogeuka. Kwenye boriti Madamu Lucreția, mke wa Mwalimu, alimsimamisha mara mbili wiki moja. "Unatua kama umeazima miguu ya mtu," alisema. Otilia alisema amechoka. Daftari la kijani, ambamo Mwalimu aliandika umbali wa kila kitu kwa kila msichana akianzia na urefu wake, lilisema hakuna kilichobadilika, na Mwalimu aliliamini daftari kuliko jicho la mkewe.

Ijumaa ya tarehe kumi na sita Machi, saa nane mchana, walijaribu vifaa Ploiești. Vyuma vilisimama juu ya jukwaa, na chini yake palitandikwa godoro la bluu, jipya, gumu.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili, chuma kilipopinda kwa uzito wake kule chini kabisa, ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia uligusa godoro. Mguso ulikuwa mwepesi na hakuna aliyeusikia. Mzunguko wa tatu Otilia alikunja magoti kidogo akapita.

"Magoti!" Mwalimu alipiga kelele kutoka upande wa pili. Aliposhuka akamwita. "Mbona unakunja?"

"Godoro geni, Mwalimu. Linanichanganya macho."

"Usiangalie godoro. Godoro haliwi bingwa wa Ulaya."

Kanuni zilikuwa na dawa ya jambo hilo. Mchezaji ambaye miguu yake inafika godoroni huinuliwa vyuma sentimita tano, kocha wake akiomba kwa maandishi kwenye meza ya ufundi kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku ya kujaribu. Mwalimu Felecan aliwahi kuandika ombi hilo mara moja, mwaka uliopita, kwa ajili ya Petronela. Miezi minane baadaye Petronela akaondoka. Otilia aliyakumbuka mambo hayo mawili kwa mpangilio huo.

Saa kumi na moja kasoro robo alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, akizisugua kwa burashi ya waya zile ngozi za kuvaa viganjani anaposhika vyuma. Mălina aliingia, akakaa mbele yake juu ya benchi.

"Umegusa."

"Sijagusa."

"Korongo, nina macho. Umegusa mara ya pili, na ya tatu ukakunja. Nenda kamwambie sasa hivi."

"Nimwambie nini? Kwamba wewe umemdanganya tangu Desemba?"

"Mwambie hivyo hivyo. Atanipiga makelele, nimeshazoea. Atakwenda pale mezani, atajaza karatasi, kesho utapanda vyuma vilivyoinuliwa. Kwisha."

"Na mimi nitarudi kwetu Jumatatu."

"Nani kakuambia?"

"Vyuma havikui."

"Ah, na wewe! Hayo si ni maneno ya kumchekesha mwandishi?"

Otilia aliacha kusugua. Mălina alikuwa wa sita au wa saba. Walichukuliwa watano. Kama Mwalimu angemwondoa mtu kwenye orodha jioni hiyo, wa sita angekuwa wa tano.

"Unanishauri vizuri sana leo," Otilia alisema.

Mălina hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso wake ulipanda rangi mpaka masikioni.

"Jaza mwenyewe basi," alisema, akainuka, akatoka na viatu vya kahawia mkononi.

Kama ushauri ule ulikuwa wa dhati au wa hesabu, hakukuwa na njia ya kuthibitisha. Otilia alibaki na benchi tatu tupu na saa ya ukutani. Alijua namba ya simu ya Petronela kwa kichwa, lakini simu ilikuwa kwenye mfuko wa Madamu Lucreția mpaka Jumapili. Saa kumi na moja na nusu alisimama, akavaa koti, akatembea mpaka mwisho wa korido. Kutoka hapo aliiona meza ya ufundi: mwanamke mmoja, termosi, rundo la karatasi nyeupe. Mwalimu Felecan alikuwa hatua sita kutoka kwenye meza hiyo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini, akinakili umbali wa vyuma kwa ajili ya kesho. Alinyanyua macho.

"Unataka kitu, Otilia?"

"Hapana, Mwalimu. Nilikuwa natafuta maji."

"Maji yako kule." Alielekeza kwa kalamu.

Alikwenda kule, akanywa maji. Saa kumi na mbili na dakika mbili mwanamke wa mezani alifunga termosi yake na kukusanya karatasi.

Jumamosi, saa tano asubuhi, shindano lilianza. Kwenye meza ya kurukia Otilia alitua kwa miguu miwili bila kusogea na kuongoza kundi lake. Kwenye vyuma alipangwa wa nne.

Alipanda. Chuma cha chini kilikwenda bila kosa. Aliruka kwenda cha juu, akashika, akasimama kwa mikono, akazunguka mara ya kwanza na magoti yamekunjwa kiasi ambacho aliamini majaji wangekata sehemu ndogo tu. Alikuwa amepiga hesabu hiyo kitandani. Hesabu haikuingiza mizunguko miwili ya mwisho, ile ya kuchota kasi kabla ya kuachia chuma na kushuka. Kwa kasi hiyo chuma hupinda zaidi, na magoti hayakunjiki, kwa sababu mwili uliokunjwa hauruki.

Kwenye mzunguko wa mwisho kabla ya kuachia, miguu yake yote miwili iligonga godoro. Safari hii ukumbi mzima ulisikia. Kasi ilikatika. Alining'inia, akabembea mara moja kama nguo kwenye kamba, akatazama ukuta. Kisha akaanza upya, akazunguka, akashuka, akainua mikono mbele ya jaji mkuu kama inavyotakiwa.

Boriti aliimaliza bila kuanguka. Zulia alilimaliza wa pili. Saa nane na dakika ishirini jumla zilibandikwa: wa tano Sbârcea, 56.500; wa sita Hărșan, 56.350.

Mwalimu alimkuta nyuma ya mapazia, akifungua ngozi za viganja. Alikaa kando yake kwa shida, mguu wa kushoto umenyooshwa.

"Umegongaje godoro?"

"Nimekua."

"Tangu lini?"

"Desemba."

Alifungua daftari. Alipitisha kidole kwenye safu, kurasa mbili, taratibu, midomo ikicheza.

"Mara kumi na tatu," alisema. "Nimeandika mara kumi na tatu. Nani alikuwa akisoma?"

Otilia aliendelea kufungua kamba za ngozi.

"Sawa. Aliyesoma hata kipofu anamjua, mnalala chumba kimoja. Kwa nini?"

"Petronela alikuwa mia moja sitini."

"Petronela?" Mwalimu alimgeukia. "Petronela kifundo chake cha mguu kilivunjika mara mbili, mtoto wewe! Cheti cha daktari kiko ofisini. Mimi nilimwandikia mama yake barua nikimwomba asubiri mpaka kiangazi. Na wale wengine, mmoja wazazi walihamia Hispania, mwingine alichoka akasema. Nani alikuambia ni urefu?"

"Ulisema vyuma havikui."

Mwalimu alifunga daftari. Kwenye zulia wafanyakazi walikuwa wameanza kukunja kamba. Akasema, "Nilikuwa hatua sita kutoka mezani," akainuka na kwenda kutafuta koti lake.

Walilala Ploiești. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi basi dogo la kituo liliondoka kuelekea kaskazini. Mălina alikaa mbele, karibu na dereva, na kwenye viti vya katikati wakakaa wengine. Otilia alikaa nyuma, pembeni ya mfuko wa magodoro madogo. Kabla ya Brașov Mălina aligeuka mara moja, akamtazama, akageuka tena mbele. Walifika Reghin saa saba mchana.

Saa kumi jioni simu iliita.

"Niambie," Viorica alisema.

"Wa sita, mama."

Kwa mbali mzee wa Torino alikuwa akikohoa.

"Wanachukua watano," Viorica alisema.

"Watano."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi vizuri. Kama hujaumia, vizuri." Alipenga kamasi. "Ile Jumamosi nimekwisha kuiomba. Tiketi hawarudishi. Nitakwenda tu, nikae pale, niangalie. Kuna msichana wa kwenu anayekuja?"

"Mălina. Tunalala chumba kimoja."

"Nimpelekee chakula? Nitamjuaje?"

"Nje ya ukumbi atavaa viatu vya kahawia vyenye manyoya ndani."

"Vile vyangu?"

"Havikunitosha, mama. Tangu Januari. Mimi ni thelathini na tisa sasa."

"Thelathini na tisa," Viorica alisema. "Thelathini na tisa ni mguu wangu mimi." Mzee akakohoa, kitu kikaanguka, na Viorica akasema anakwenda, atapiga Jumapili.

Maongezi yalikuwa yamechukua dakika nne. Mălina, kwenye kitanda cha pili, hakuwa akimpigia mtu. Alikuwa amelala chali, simu juu ya tumbo.

"Sikuwa napiga hesabu," alisema, akitazama dari. "Kule Ploiești."

Otilia alisikia. Aliirudisha simu yake ofisini dakika hamsini kabla ya muda.

Jumatatu, tarehe kumi na tisa Machi, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kipimajoto cha jikoni kilionyesha nyuzi mbili juu ya sifuri. Wasichana tisa walipanga mstari. Mwalimu Felecan alisoma uzito wa wanne wa kwanza na kuandika urefu wao. Hakuna aliyetamka namba isiyokuwa kwenye utepe.

"Hărșan."

Kilo arobaini na tano na gramu mia sita. Otilia alikwenda mlangoni na kuegemea mwimo. Mălina aliokota pembetatu.

"Iache," Mwalimu alisema.

Aliegemea meza kwa mikono miwili, akainuka, akavuka korido akichechemea. Alichukua pembetatu, akaiweka utosini kwa Otilia, akaisukuma mpaka ikabana nywele. Alivaa miwani. Alisoma, akasogeza uso karibu na utepe, akasoma tena.

"Nyoosha magoti."

"Yamenyooka, Mwalimu."

"Mia moja hamsini na tisa," alisema kwa sauti, ingawa wa kuandika alikuwa yeye mwenyewe.

Alirudi mezani, akaketi, akaandika 159 kwa wino chini ya zile 155 kumi na tatu. Kwenye safu ya vyuma, mbele ya jina hilohilo, aliongeza: +5.